Mwamvita wa Shelaki na Chupa Isiyotikiswa

Mwamvita binti Mohamedi bin Safari. Hilo ndilo jina lake kamili, na ukilitaja nusu atakurudisha ulitaje upya. Ni mjukuu wa Safari Mkonongo, aliyetundika mizinga kwenye misitu ya Inyonga na kurudi na masega kichwani huku nyuki wakimsindikiza kama wapambe wa harusi. Ni binti wa Mohamedi muuza asali, mwenye mwiko mrefu wa mti, ambaye hakumpimia mtu asali kabla ya kulikoroga debe lote mpaka chini. Ni mjane wa fundi Feisal, aliyejifunza kung'arisha mbao kule Tabora kwa Mhindi mmoja mkali, akaja Mpanda kwa garimoshi, mkononi chupa, kwapani bunda la pamba. Na yeye mwenyewe ndiye aliyeng'arisha mimbari, ndiye aliyeng'arisha vitanda vya mabibi harusi ambao leo wana wajukuu, ndiye aliyeng'arisha kiti cha kinyozi ambacho watu walikuwa wakikaa bila hata kutaka kunyolewa. Ukiingia nyumba yoyote ya mtaa wa Shanwe hapa Mpanda ukakuta kabati la zamani linakuonyesha uso wako, usiulize nani kalifanya.

Kazi yake ni shelaki. Kwa asiyeijua, shelaki huja ikiwa magamba membamba ya rangi ya asali, yanayokatika kama kaukau. Wengi hudhani ni utomvu wa mti. Mwamvita hucheka.

"Mti gani? Ni kidudu!" huwaambia. "Kule India kuna kidudu kidogo kuliko chawa. Kinajibandika kwenye kitawi, kinanyonya maji ya mti, halafu kinajijengea kibanda cha uto juu ya mgongo wake. Watu wanakwangua vibanda, wanaviyeyusha, wanavichuja, wanavitandaza kama chapati, vikikauka wanavivunja. Nyuki ana asali, na huyu ana shelaki. Kila mdudu na sadaka yake."

Magamba hayo ukiyatia kwenye maji yatakaa humo mpaka uzeeke wewe. Ukiyatia kwenye spiriti, kesho yake yameyeyuka yote. Ukipaka kwenye ubao, spiriti inaruka kama ndege, ubao unabaki umevaa. Na ukikosea, spiriti ile ile inayafuta, unaanza upya. Ndiyo maana Mwamvita husema shelaki ni kama mume mwema, ina msamaha.

Harufu ya spiriti haimtoki mikononi. Siku moja msikitini shoga yake alimnong'oneza, "Mama Zuhra, umekunywa?" Akamjibu, "Iliyokunywa ni meza, mimi nimeisindikiza tu."

Wateja wakilalamika kuwa anasugua polepole, huwapa somo. "Mnaniona bibi wa kusugua mbao. Haya. Vidonge vya hospitali vinavyoteleza kooni, vingine vimevishwa shelaki hii hii. Pipi zinazong'aa, ni hii. Matufaa yanayometameta kwenye maduka makubwa, mengine yamepakwa hii. Lakiri nyekundu ya posta, waliyokuwa wakiyeyushia mihuri kwenye vifurushi, ilikuwa hii. Na santuri za zamani, zile nzito, zikidondoka zinavunjika kama sahani, ni hii! Kwa hiyo ukila pipi ujue umelamba kabati langu."

Habari ya santuri anaijua vizuri. Miaka ile vitu vilipoadimika, hata sabuni ikawa ni hadithi, Feisal alikosa magamba kabisa. Akazunguka mji mzima akikusanya santuri zilizovunjika, akaziloweka kwenye spiriti, Mwamvita akazichuja kwa kipande cha kanga mara nyingi, maana zilitoa tope jeusi kama lami. Hicho ndicho kilichopakwa kwenye kiti cha kinyozi. Kilitoka cheusi, kinang'aa, na wazee waliapa kwamba ukikikalia jioni kwa utulivu unasikia taarabu.

Sasa, kuna jambo moja la kulijua, kwa kuwa ndilo lililoleta kisa. Shelaki ina nta yake. Ukiiacha chupa imetulia siku nyingi, nta hushuka chini ikawa kama uji, na juu hubaki maji safi ya rangi ya chai. Mwamvita, binti wa muuza asali, hakuwahi kuvumilia kuiona chupa imejigawa hivyo. Baba yake alimfundisha kwamba anayepima asali bila kukoroga anamwibia mtu: wa kwanza anapata maji, wa mwisho anapata masega. Tena Katavi hii, asali isiyo na chembe ya nta watu huinusa mara mbili. Basi kila mara kabla ya kumimina, Mwamvita aliitikisa chupa mpaka ikawa rangi moja. Hakumfundisha Feisal tu, aliifundisha dunia. Mteja akiingia tu karakanani, hata salamu haijaisha, anaambiwa, "Nishikie hiyo chupa, itikise. Usimnyime mwenzako nta." Na kwa kuwa alipaka shelaki juu ya shelaki maisha yake yote, hakuna kilichomharibikia.

Karakana aliyoiacha Feisal sasa inaendeshwa na Didace, seremala wa Mishamo, mwenye mikono ya dhahabu na mdomo wa kasuku. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa huku, na mninga anaujua kama anavyomjua mama yake. Mwamvita ana kona yake karibu na dirisha. Wanapendana, lakini kama paka na mbwa waliokulia jiko moja, maana Didace anaipenda vanishi ya kopo. Unachovya brashi, unapaka, unaondoka.

"Mama Zuhra," humwambia, "wewe unazungusha mkono tangu asubuhi kama unamwogesha mtoto. Mimi kopo langu lishamaliza kazi, niko kwa mama ntilie."

"Kula tu, mwanangu. Ila kopo lako linavisha mbao koti la mvua. Mimi ninazivisha ngozi."

Ndipo alipokuja Capitoline, mama wa Mishamo, juu ya pikipiki, amekaa kiupande na kikapu cha maharage mapajani. Binti yake Aline alikuwa anaolewa. Akashuka, akajipangusa vumbi, akasema anataka meza ya chakula ya mninga na viti sita.

"Nataka meza ya kumfanya mama mkwe wake anyamaze," alisema.

"Basi ni shelaki," akasema Mwamvita. "Mninga ukipata shelaki, wekundu wake unatoka kama jua la asubuhi."

"Ni vanishi," akasema Didace. "Mama Aline, shelaki ni nzuri kwa macho, sikatai. Lakini ukiweka sufuria ya ugali wa moto, inabaki alama nyeupe ya duara. Akimwagikiwa mtu na pombe, inayeyuka. Na kwetu Mishamo harusi bila pombe hakuna."

Alichosema ni kweli. Joto na pombe ndio maadui wa shelaki, na Mwamvita hana tabia ya kukana ukweli, ana tabia ya kuupita pembeni.

Capitoline akawatazama wote wawili. "Nyie mnanichosha. Wekeni vyote. Chini mpake ya mama, juu mpake ya kijana."

"Ikibanduka?" Didace akauliza huku anamtazama Mwamvita kwa jicho la uchokozi. "Maana sijawahi kuona vanishi yangu ikibanduka."

Mwamvita akasimama. Akainua kifundo chake, lile donge la pamba lililofungwa kitambaa laini, ambalo ndilo brashi yake, ndilo kalamu yake. "Ikibanduka, na kosa likiwa la shelaki," alisema, "kifundo hiki naweka chini siku hiyo hiyo, na kona hii utaweka makopo yako."

Maneno yakishatoka mdomoni hayana hatamu. Capitoline aliguna. Didace mwenyewe aliinamisha macho, maana utani ulikuwa umegeuka.

Mwamvita aliipaka meza ile kama anampamba binti yake. Alitikisa chupa, akamimina, akadondoshea kifundo tone la mafuta, akachora kwa mkono nane zake, umbo la tarakimu, mbao nzima, akaacha ikauke, akarudia. Mninga ukawaka. Kisha Didace akapaka vanishi yake juu, na meza ikawa kioo.

Capitoline alipokuja kuitazama, alipiga vigelegele tangu mlangoni. Akaweka kikapu chake juu ya meza, akakivuta ili aone vizuri. Kikapu kikasogea, na vanishi ikasogea nacho. Ikajikunja kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, ikabanduka kipande kizima, chini yake shelaki imekaa, haina hata mkwaruzo.

Didace akakiokota kile kipande, akakigeuza juu chini.

"Yooo, Mana yanje!" Capitoline akamwita Mungu wake kwa Kirundi. "Harusi wiki ijayo, meza inachubuka kama nyoka!"

"Kopo lake bovu hilo," akasema Mwamvita.

"Kopo hilo hilo nimepaka milango ya watu," akasema Didace, sauti ya chini. "Mama Zuhra, sitaki kusema neno. Ila ahadi..."

"Ahadi ninaijua, niliitoa mimi. Kwanza ushahidi."

Usione alivyosema kwa kujiamini. Alikuwa na cha kupoteza. Ana nyumba yake, ana mtoto wake Zuhra anayempigia simu kutoka Dar es Salaam kila Ijumaa, hakosi chakula. Lakini asubuhi ya Mwamvita ni ile kona ya dirisha. Mtu aliyeng'arisha mji mzima, akaage vipi, kwa aibu ya utando wa maziwa?

Wakachukua vipande viwili vya mninga kutoka ubao mmoja. Cha kwanza Mwamvita akakipaka mwenyewe: akaitikisa chupa yake ndogo ya kila siku mpaka povu likatoka, akakimalizia humo shelaki yote iliyobaki. Adhana ya alasiri ikalia. "Na wewe paka cha kwako," akamwambia Didace akitafuta kanga yake. "Mkono wako huo huo wanaousifu watu. Tuone kama ubaya uko kwenye mkono wangu." Akaenda kuswali.

Shelaki zilipokauka, Didace akavipaka vipande vyote viwili vanishi ya kopo moja, wakaviacha vilale.

Asubuhi Mwamvita alifika kabla ya karakana kufunguliwa. Didace alipokuja na funguo, wakachukua plasta ya kubandikia kidonda, wakaibandika kwenye kipande cha Mwamvita, wakaivuta. Vanishi ikaja yote na plasta, kama ganda la ndizi. Wakabandika nyingine kwenye kipande cha Didace, wakaivuta. Kitu hakikutoka. Wakavuta tena. Plasta ndiyo iliyochanika.

Didace akaruka. Akacheza, akapiga makofi, akazunguka msumeno wake kama mtu wa ngoma. "Mkono! Mkono wa Mishamo!" Kisha akamwona Mwamvita amekaa kwenye kigoda, akaacha kucheza. "Samahani, Mama."

"Cheza tu. Ila niambie. Ulifanya nini?"

"Nimepaka kama unavyopaka. Nane, nane, nane. Mkono umeniuma mpaka usiku."

"Shelaki ulipata wapi? Chupa yangu niliimaliza."

"Ile kubwa ya juu ya rafu."

Mwamvita akaitazama rafu. Chupa kubwa ilikuwa pale pale ilipokaa tangu kabla ya mfungo, alipokwenda Sibwesa kwa dada yake na kufungia huko. Hakuna aliyeigusa mpaka jana. Chini uji, juu chai.

"Uliitikisa?"

Didace akakuna kichwa. "Mama, usinikaripie."

"Uliitikisa, hukuitikisa?"

"Nzito ile! Niliiinamisha polepole nikamimina ya juu. Nilisema moyoni, leo nimemnyima mtu nta, Mungu anisamehe."

Mwamvita akasimama. Akachukua kipande chake kilichobanduka, akapitisha kidole pale shelaki ilipobaki wazi. Kikateleza. Akapitisha kidole ukingoni mwa kipande cha Didace, pale ambapo vanishi haikufika. Kilikuwa kikavu, kinakishika kidole kwa mbali. Akarudia cha kwanza. Akarudia cha pili. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka kanga ikamdondoka begani na Didace akadhani amepatwa na jambo.

"Nta!" akasema. "Mwanangu, ni nta! Hivi wewe umeshaona plasta ya ukuta inashika ukuta uliopakwa siagi? Nimekupakia siagi, wewe umekuja na koti lako, utavaaje? Shelaki kwa shelaki zinajuana, zina spiriti moja, zinashikana hata kama kuna nta. Lakini hilo kopo lako ni mgeni. Mgeni hasimami penye kuteleza."

"Kwa hiyo kosa ni la shelaki?"

"Kosa si la shelaki, mbona hujifunzi? Hata nta haina kosa. Nta imewekwa mahali si pake. Kosa ni la mkono ulioitikisa." Akatazama mkono wake. "Baba alisema kweli. Ila alikuwa akisema habari za asali."

Wakaanza kazi. Didace akakwangua vanishi, ikatoka kirahisi kiasi kwamba aliona aibu kwa niaba ya kopo. Mwamvita akaifuta shelaki ya zamani kwa spiriti, tambara baada ya tambara, mpaka mninga ukabaki mtupu kama siku ulipozaliwa. Shelaki mpya ingetoka kwenye chupa kubwa, ile ya juu tu. Chupa nyingine iliyotulia haikuwepo Mpanda nzima, na kuituliza nyingine ni suala la wiki nyingi, wakati Aline angekuwa keshaolewa. Wakaishusha kutoka kwenye rafu kama wanamshusha mgonjwa, wakaiweka juu ya benchi ili itulie tena.

Ndipo Capitoline akaingia. Alikuja kuona kama meza ipo hai au imekufa. Akamkuta Mwamvita ameinama chini ya meza na tambara, Didace ananoa randa, na chupa kubwa iko peke yake kwenye benchi, imejigawa, chini uji, juu chai. Capitoline ni mtu wa msaada. Isitoshe, tangu aanze kuja karakana ile alikuwa amefundishwa vizuri.

"Mama Zuhra, shikamoo nyingi. Pumzika, nakutikisia," akasema. Akaikumbatia chupa kwa mikono miwili, akaiinua.

"Mama Aline!" Mwamvita aligonga kichwa kwenye meza. "Weka chini! Hapana, usiweke! Simama hapo hapo!"

Didace aliruka benchi, randa ikadondoka. Capitoline akaganda, chupa kifuani, macho yamemtoka.

"Kwani nyie si ndio mlioniambia nisimnyime mtu nta?"

"Leo mnyime," Mwamvita akasema. "Mnyime kabisa. Ishike kama mtoto aliyelala. Polepole. Kama ana homa."

Capitoline akainama kidogo kidogo, anapumua kwa pua, mpaka kitako cha chupa kikagusa benchi. Wote watatu wakasogeza nyuso. Kijiuzi kimoja cha ukungu kilipanda kutoka kwenye uji, kikajipinda, kikasita, kikaanza kushuka.

"Alhamdulillahi," akasema Mwamvita.

"Asante Yesu," akasema Capitoline.

"Mimi naomba maji ya kunywa," akasema Didace.

Walimimina ile safi tu, Didace ameshika kitako, Mwamvita ameshika shingo, mpaka uji ulipokaribia mdomo wakaacha. Ikatosha meza, ikabaki na ziada. Mwamvita akaipaka. Ilipokauka, Didace akapaka vanishi yake, na safari hii aliomba ruhusa kwanza. Vanishi ilipokomaa wakabandika plasta, wakavuta; hakikutoka kitu. Capitoline, ambaye sasa hamwamini mtu, akaagiza sufuria ya ugali kutoka kwa mama ntilie, ikafuka moshi, akaitua katikati ya meza, akakaa pembeni yake kama askari. Walipoiondoa, mninga ulikuwa mwekundu vilevile, hakuna duara. Vigelegele vyake vilisikika mpaka barabarani, na ugali wakaula pale pale.

Ule uji wa chini Mwamvita hakuumwaga. Aliuchuja kwa kitambaa, akausuuza kwa spiriti, akaukausha, akapata nta ngumu kuliko ya nyuki, isiyolainika hata uiache juani. Akaiyeyusha pamoja na nta ya nyuki na mafuta kidogo, akaweka kwenye kikopo, akampa Capitoline. "Viatu vya bwana harusi. Mama mkwe akianza maneno, ajione kwenye kiatu cha mwanawe."

Pikipiki ya matela ilipoondoka na meza, imefungwa mablanketi, Mwamvita alirudi kwenye kona yake. Viti sita vya Aline vilikuwa vimepangwa ukutani, mbao bado tupu, vinamngoja. Akakichukua kifundo, akakiweka chini, juu ya kiti cha kwanza.

Didace akashtuka. "Mama, yale yalikuwa maneno tu. Nani anakumbuka?"

"Mimi ninakumbuka, na mkono ulioitikisa ni huu. Binti Mohamedi akisema, amesema. Nimekiweka chini." Akavuta kigoda, akakaa, akanyoosha miguu kama mtu aliyefika safari yake. "Sasa kiokote."

"Nani, mimi?"

"Kuna mkono mwingine wa Mishamo humu? Viti hivi havitaki kopo, havitawekwa sufuria. Ni shelaki peke yake, kwa mkono, kiti baada ya kiti, na mimi nitakuwa hapa nikitazama mpaka cha sita. Magamba mapya yako sandukuni, yaloweke leo kwenye chupa kubwa, uiweke rafuni, na akija mtu na mikono yake ya huruma umwambie Mama Zuhra amekataza."

Didace alikishika kifundo kama mtu aliyepewa kifaranga. Akachovya kwenye ile shelaki ya ziada, akainama juu ya kiti, akaanza kuzungusha.

"Hiyo sifuri, mwanangu," akasema Mwamvita kutoka kwenye kigoda. "Chora nane."